Sauti Iliyobaki Ziwani

1.

Mama yake Shee amekufa.

Shee hajui.

Mogaka anajua. Makokha anajua. Mimi ninayesimulia najua, na tangu ulipomaliza mstari wa kwanza wewe pia unajua. Sasa tuko wanne tunaomficha mtu mmoja. Karibu garini.


2.

Gari ni pikapu ya Makokha, inakokota boti ya bati, inapanda kaskazini mwa Minnesota siku ya Ijumaa mwezi wa Mei. Huko mbele miji inakuwa michache na misonobari mingi, mpaka unabaki na misonobari tu. Kesho unafunguliwa msimu wa kuvua wolai. Wolai ni samaki wa maziwa ya baridi, ubavu wa dhahabu, macho yameingia ukungu kama ya bibi mwenye mtoto wa jicho. Watu wa huku wanamngoja wolai mwaka mzima kama sisi tunavyongoja sikukuu.

Shee amekaa mbele, rafiki yao Mogaka yuko nyuma; kopo la ruba limo mapajani mwa Shee. Ruba ndio chambo. Hataki wawekwe nyuma, anasema watashikwa na baridi.

"Ruba washikwe na baridi?" Makokha akauliza. "Hawa si wamezaliwa kwa barafu, bana?"

"Wewe endesha gari."

Wanamtania Shee kila mwaka kwamba mtu wa Mombasa lazima ajue samaki. Uongo mtupu. Shee ni mtoto wa fundi cherehani wa Kisauni, na kabla ya kuja Amerika hakuwahi kushika ndoana hata ya kuchezea. Uvuvi ameujulia hapa hapa, kwenye baridi, baada ya zamu za kuendesha mashine ya kubebea mizigo ndani ya ghala la nyama zilizogandishwa. Ila ameupenda kama kitu alichonyimwa utotoni. Safari hii ni yake. Alianza kuizungumza theluji ikiwa bado imefika madirishani.


3.

MAIMUNA, dada yake Shee, kwa simu, kutoka Kisauni. Ni mapema kidogo, Mogaka amesimama kando ya pampu ya petroli. Shee yumo dukani, anachagua ruba.

"Mogaka, ndugu yangu, uko na Shee? Usinijibu kwa sauti, nambie ndiyo ama la... Haya. Mama ametutoka. Usiku huu. Kaomba maji, nikaenda kuyaleta, nikarudi nayo. Shee sikutaka kumpigia mimi, nisije nikamuua kwa simu. Wewe ndo nduguye huko. Mkalishe chini umwambie kwa uzuri, kisha anipigie. Tunamngoja yeye."

Hakusema watazika lini. Hakudhani kuna mtu duniani wa kuambiwa.


4.

Msomaji wa pwani, nakuona. Umeshainuka kwenye kiti. Umeshahesabu: kafa usiku, kesho alasiri yuko ardhini.

Kaa.

Wao hawajahesabu.


5.

NUKUU KUTOKA BARUA YA IDARA HUSIKA, iliyobandikwa kwa sumaku kwenye friji ya Shee tangu majira ya baridi:

Ombi lako la ukaazi limepokelewa na linashughulikiwa. Muda wa kushughulikiwa haujulikani. Mwombaji atakayetoka nchini kabla ya uamuzi kutolewa atahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake kwa hiari yake mwenyewe. Tafadhali usitupigie kuuliza.


6.

Siku ile barua ilipokuja, Shee aliisoma sebuleni kwa Mogaka, akaikunja, akasema jambo ambalo Mogaka na Makokha wote wawili walilisikia vizuri.

"Mamangu ana mtoto mmoja wa kiume. Mimi. Kwetu, maiti akishawekwa mbele ya watu, kabla hawajamswalia, mwanawe husimama akasema. Husema: huyu ni mamangu, aliyekosana naye na amsamehe, na mwenye haki yake kwake aje kwangu. Basi. Hata dakika haimalizi. Lakini mama ameniusia, Shee, usimwachie mtu mwengine maneno hayo. Sasa kama siwezi kwenda, mimi nitapiga simu, waiweke kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mwili wangu hauendi. Sauti yangu itakwenda."

Makokha alisema, "Itakwenda, bana."

Mogaka alisema, "Tutakuwa na wewe siku hiyo."

Hiyo ndiyo shida ya hadithi hii yote, msomaji, wala hakuna nyingine iliyojificha. Sentensi tatu za mtoto mbele ya mwili wa mama yake. Kama zitafika au hazitafika.


7.

YALIYOSIKIKA NYUMA YA BOTI, pale pale kwenye petroli, Makokha akijifanya anakaza kamba:

"Tumwambie saa hii turudi?"

"Aendeshwe njia yote analia? Halafu afike kwa ile nyumba, peke yake?"

"Kweli."

"Hajapumzika tangu Krismasi, Makokha. Mwache aende avue, ale, alale. Kesho mchana akiwa ametulia, namwambia mimi mwenyewe."

"Na mazishi?"

"Mazishi hayakimbii. Hata mochari hawajampeleka."

"Basi mimi naanza kamati."

Shee akatoka dukani na kopo lake, ameliinua juu kama mtu aliyeshinda kombe.


8.

Usiniambie hawakujua. Mogaka ni mtu wa Nyamira, Makokha wa Bungoma, lakini hakuna Mkenya asiyejua kwamba Waislamu hawalazi maiti. Ungewauliza katika mtihani wangejibu sawasawa na kupata alama zote.

Ila mtu akifa kweli, hakuna anayejibu mtihani. Kila mtu anakimbilia msiba anaoujua. Na msiba anaoujua Mogaka ni wa baba yake.

Ilikuwa kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, bafuni. Alikuwa anamwogesha mzee wa watu. Simu ikalia mfukoni, akaichungulia kwa mkono wenye sabuni, na kwenye kundi la ukoo binamu mmoja ameandika: Pumzika, mzee wetu. Hivyo ndivyo alivyojua. Yule mzee kwenye kiti cha kuogea alikuwa akilalamika kwamba maji yanapoa. Mogaka akaongeza maji moto. Akamaliza kumwosha, akampaka mafuta, akamvalisha soksi, moja, na ya pili, halafu akaenda kukaa stoo kati ya maboksi ya nepi za wazee, akauma kofia yake ili asisikike.

Siku hiyo aliapa. Rafiki yangu hataambiwa hivi. Rafiki yangu ataambiwa amekaa, ameshiba, ameshikwa mkono.

Na baba yake alizikwa baada ya majuma matatu. Kulikuwa na vikao, mahema, fulana zenye picha ya marehemu. Muda ulikuwepo. Ulikuwa mwingi mpaka ukachosha.

Kwa hiyo pale kwenye petroli alipofikiria kuhusu zile sentensi tatu, na alizifikiria, nataka ujue hivyo, aliona kitu kizuri kabisa. Alimwona Shee amevaa kanzu nyeupe, juma la pili au la tatu, sebule imejaa watu wa kwao, simu imesimamishwa mezani, mtandao hauna kasoro. Aliona mpaka chai.


9.

KAMATI YA MATANGA: MAMA YAKE SHEE
(kundi limefunguliwa na Makokha, akiwa kwenye usukani, mkono mmoja)

Ndugu na dada wa Minnesota, kwa majonzi tunawatangazia kifo cha mama yetu mpendwa. Kikao cha kwanza Jumatano jioni, kwa Makokha. Ajenda: kuchagua mwenyekiti, kupanga chakula, kujadili tarehe ya mazishi kwa kushauriana na familia.

TAHADHARI: Shee hayumo kwenye kundi hili na bado hajaambiwa. Mtu yeyote asimwandikie.

Majibu yalikuja mengi. Poleni. Poleni sana. Tuko pamoja. Mtu mmoja aliuliza, "Kwani Waislamu si huzika siku hiyo hiyo?" Swali hilo lilifika wakati mtandao unakatika. Makokha aliona duara linazunguka, akatupa simu kwenye dashibodi.

Duara lilikuwa linazunguka bado walipofika ziwani.


10.

Simu ya Shee ilikuwa inachajiwa garini.

Shee alishuka kuangalia maji. Mogaka akaichomoa, akaizima, akaifunga ndani ya soksi zake mwenyewe, akaisukuma chini kabisa ya begi. Alijiambia anamkinga mtu.

"Simu yangu iwapi?" Shee akauliza baadaye.

"Kwani unataka kumpigia wolai?"

Shee akacheka, akaiacha hapo. Alimwamini. Naandika neno hilo peke yake ili lisikupite:

Alimwamini.


11.

TANGAZO KWA WAVUVI WOTE
(ubao wa kijani, kwenye gati)

(a) Kila mvuvi awe na leseni yake.
(b) Wolai aliyevuka urefu uliochorwa hapa chini ni mzazi, na arudishwe majini papo hapo.
(c) "Papo hapo" maana yake ni kabla ya kufanya jambo lingine lolote.
(d) Hautapokelewa utetezi kwamba mvuvi alikuwa na nia njema.


12.

Kibanda walichokodi kilikuwa cha magogo, chenye jiko moja, vitanda vitatu na harufu ya soksi za watu wa mwaka jana. Jua lilikuwa bado juu Shee alipopika wali wa nazi ya kopo. Alipika akizungumza na sufuria.

"Mama angeuona wali huu angenitoa kwenye mirathi," alisema. "Nazi ya kopo! Angesema, Shee, umekuwa mtu wa kufungua vitu."

Makokha aliinama juu ya sahani, akala haraka haraka bila kutafuna. Mogaka alitoka nje akasema anakwenda kuangalia boti. Boti ilikuwa mahali pake. Aliitazama kwa muda mrefu.


13.

SENTENSI ALIZOZIANZA MOGAKA KATI YA WALI NA KULALA:

Shee, unajua, mambo ya Mungu

Shee, dada yako alini

Hivi mama alikuwa anaumwa ile

Kuna kitu nilitaka

Unaonaje tukae hapa nje kidogo, mimi na

Kesho.

Hiyo ya mwisho aliimaliza.


14.

MAIMUNA KWA MOGAKA, ujumbe wa sauti. Kisauni kumekucha.
[alama moja ya kijivu: umetumwa, haujafika]

"Mogaka, umemwambia? Tumeshamwosha. Tumemfukizia udi. Yuko mzuri, mwambie Shee, uso umetulia, kama vile alipokuwa akisikiliza redio. Anipigie basi."


15.

Alfajiri Shee aliswali nje, juu ya taulo, maji yakiwa meusi mbele yake. Alirudi ndani akisugua mikono.

"Nimemwombea mamangu," alisema. "Juzi mgongo ulimsumbua. Nimemwombea afya."

Hakuna aliyeitikia amina. Makokha alishika birika. Mogaka alikuwa anafunga kamba za viatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Sema sasa, Mogaka.

Mimi nimempigia kelele sana hapo. Mpigie nawe, ukitaka. Hasikii. Anamtazama rafiki yake anayetabasamu na anafikiri: kidogo tu, avue kwanza, apate hata mmoja.


16.

MAIMUNA KWA MOGAKA.
[alama moja ya kijivu]

"Ndugu yangu, wanaume wanataka wamzike adhuhuri. Nimewapigia magoti mpaka wamekubali kusogeza mpaka alasiri. Wamenambia alasiri tu, haizidi. Simu ya Shee imezimwa, sijui kwa nini imezimwa. Wewe nawe hupatikani. Mko salama huko? Nisije nikawa nina misiba miwili."


17.

Ziwani hakukuwa na upepo. Makokha alizima injini wakabaki wakielea, ukungu umewafunika hadi mabegani, pumzi zao zikionekana. Shee alimchoma ruba kwenye ndoana kwa ustadi, akamteremsha.

Hivi ndivyo wolai anavyovuliwa, kama hujui. Chambo unakiacha kizame mpaka kiguse chini. Halafu unakiinua kidogo, unakiteremsha, unakiinua kidogo. Wolai hanyakui kama samaki wengine. Anakuja taratibu, anakionja, na wewe unahisi uzito tu, kama mtu ameweka kidole kwenye mshipi. Ukivuta haraka, umemkosa. Lazima umpe nafasi.

"Mpe nafasi," Shee alimfundisha Mogaka kwa kunong'ona. "Watu wengi hapa ndipo wanapokosea. Wana haraka."

Mogaka akasema ndiyo.


18.

MAIMUNA KWA MOGAKA.
[alama moja ya kijivu]

"Jeneza linatoka nyumbani. Mimi nabaki na wanawake. Simu ya mama nimempa mtu aende nayo msikitini, aishike pale mbele, kwenye kipaza sauti. Shee akipiga itapokelewa. Mwambie apige hata kama analia, wataelewa, apige tu."

[alama moja]

"Wamefika. Wanamngoja."

[alama moja]

"Mogaka."

[alama moja]


19.

"Nimempata!"

Fimbo ya kuvulia ilipinda hadi ncha ikagusa maji. Shee alisimama, boti ikayumba, Makokha akashika kingo zote mbili za boti akimtaja Yesu. "Kaa chini, utatuua!" Shee hakukaa. Alizungusha gurudumu la mshipi, akaachia, akazungusha, akizungumza na samaki kwa Kiswahili cha kwao, njoo mpenzi, njoo nikutazame tu. Na yule wolai akapanda juu: mnene, ubavu unang'aa, yale macho meupe yamekodoka. Mkubwa kuliko alama ya kwenye ubao. Ni mzazi, hawezi kuliwa.

Makokha akapiga picha.

Shee alikuwa anacheka. Si kicheko cha adabu kile cha kazini; alicheka kwa kifua kizima, kichwa nyuma, mpaka sauti ikagonga misonobari ya ng'ambo ikarudi. Mogaka hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu wafahamiane. Machozi yalimtoka Mogaka. Akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kwamba alingoja. Akajiambia: ona. Ningemnyima hiki.

Shee akamshika samaki kwa mikono miwili, akamrudisha majini, akamngoja apate nguvu, akamwachia.


20.

(Kipande hiki hakipo. Hapa ndipo Mogaka alipopaswa kusema. Nimeacha nafasi yake.)





21.

Barafu ilikuwa imekwisha kwenye boksi. Makokha aliendesha mpaka duka la chambo, pale mto unapotokea ziwani, na simu ya Mogaka ikaanza kutetemeka mfukoni kabla gari halijasimama. Ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka, haikutaka kunyamaza.

Alishuka akaenda nyuma ya duka. Alisikiliza ujumbe wa kwanza. Wa pili. Aliposikia neno alasiri alitazama juu, kama vile saa ya Kisauni imetundikwa mbinguni. Jua la huku lilikuwa bado linapanda.

Akasikiliza mpaka wa mwisho. Ule wa mwisho Maimuna hakulia. Alisema tu, "Tumeshazika. Alhamdulillahi. Sijui nyinyi mko wapi."

Halafu Mogaka akafungua picha ya Makokha, ile ya samaki, akatazama muda uliopigwa. Akatazama muda wa ule ujumbe uliosema wamefika. Akatazama tena picha.

Makokha alimkuta hapo ameegemea ukuta.

"Umemwambia?"

"Wamezika."

"Nani wamezika?"

"Mama. Wamezika, Makokha. Kitambo."

Makokha alivua kofia. "Lakini kamati ni Jumatano," alisema, kwa sauti ndogo, na alipojisikia akaziba mdomo.


22.

Nyuma ya duka kulikuwa na gati ya mbao. Shee alikuwa huko anasuuza ndoo.

"Shee. Kaa chini."

Mtu aliye mbali na kwao akiambiwa akae chini haulizi kuna nini.

"Nani?" Shee aliuliza.

"Mama."

Akakaa. Ndoo ikaelea kidogo, ikaanza kwenda zake. Alisema maneno ambayo Mwislamu husema, akayarudia, midomo yake ikiwa mikavu. Mogaka alipiga magoti akamshika mkono, sawasawa kama alivyoapa kule stoo miaka ile. Amekaa. Ameshiba. Ameshikwa mkono.

Halafu Shee akajikaza. Unaona? Alikuwa na kazi ya kufanya. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Haya. Nipe simu. Kafa saa ngapi? Kama ni leo basi watazika kesho, nitakuwa nimejiandaa. Nipe niongee na Maimuna, niwaambie waweke ile ya kipaza..."

"Ni jana."

"Jana lini?"

"Jana. Ulipokuwa unanunua ruba."

Shee akamtazama. Mogaka aliona hesabu ikienda nyuma ya macho yale, taratibu, hatua kwa hatua, na hakuweza kuizuia.

"Ruba," Shee alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Ndiyo."

"Simu yangu."

"Iko kwa begi langu. Niliizima mimi."

Akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa Mogaka. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliuchomoa tu.


23.

SHEE NA MAIMUNA, kwa simu ya Mogaka, sauti imefunguliwa kwa sababu vidole vya Shee vilikosea:

"Maimuna."

"Shee, kakangu. Shee. Tulikungoja."

"Nani alisema?"

"Shee..."

"Nambie. Nani alisimama akasema?"

"Walingoja mpaka imamu akasema basi. Kila mtu anamtazama mwenzake. Hakuna mtoto, hakuna ndugu wa kiume. Akasimama Ngao."

"Ngao gani?"

"Yule fundi wa baiskeli, hapo nje kwetu. Yule mama alikuwa akimpa chai. Alikuja na mafuta ya cheni mikononi, hakuwahi hata kunawa. Akasema: huyu ni mamangu, aliyekosana naye na amsamehe, mwenye haki yake aje kwangu." Maimuna alivuta pumzi. "Kasema vizuri, Shee. Watu wamelia."

"Alisema mamangu?"

"Alisema mamangu."

Shee akashusha simu mapajani. Kutoka mle Maimuna aliendelea kuita jina lake, mara nyingi, kwa sauti ya bati.


24.

Makokha hawezi kuvumilia kimya. Ni maumbile yake. Alisogea.

"Ndugu yangu, sema hata hapa. Mungu anasikia popote."

"Mungu anasikia," Shee alijibu. "Mungu sikuwa na wasiwasi naye. Maneno yale ni ya watu wa Kisauni. Ni wao waliokuwa wasikie kwamba mamangu, Bi Tima, ana mtoto."

Makokha akarudi alikotoka. Alifika garini, akafungua mlango, akashindwa kuingia, akasimama hapo ameushika.


25.

WEWE. Ndiyo, wewe.

Ungemwambia lini? Pale kwenye petroli? Juu ya wali? Ungeweza kuikatiza ile dua ya afya ya mama, alfajiri, na taulo bado mkononi mwake?

Usijibu haraka. Mogaka naye alikuwa mtu mwema mpaka Ijumaa mchana.


26.

Walibaki wawili kwenye mbao. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba mawe ya chini yanaonekana, na baridi yake ilipanda kupitia suruali. Neno samahani lilikuwa dogo mno kwa kazi hiyo.

Shee ndiye aliyezungumza.

"Nataka kukuuliza kitu. Usinidanganye tena."

"Sikudanganyi."

"Saa ile wamesimama pale, jeneza liko mbele, simu imeinuliwa, watu wote wananyamaza wanisikilize mimi. Saa ile ile. Mimi nilikuwa nafanya nini?"

Mogaka alijua. Alikuwa amelinganisha, mara mbili, nyuma ya duka, akiomba Mungu awe amekosea. Angeweza kusema ulikuwa unafunga chambo. Angeweza kusema ulikuwa umekaa kimya unatazama maji, na Shee angeamini, kwa sababu ndivyo mtu anavyokuwa asubuhi nzima akivua wolai.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

"Nacheka."

"Ulimpata yule samaki. Ulikuwa unacheka."

Shee alilifikiria jambo hilo.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Shee. Mpaka ng'ambo."


27.

Shee aliweka simu juu ya mbao, kwa uangalifu, kioo kikitazama juu, Maimuna bado yumo. Akainuka. Akaanza kumjia Mogaka, polepole, mikono imelegea pembeni, na usoni mwake hapakuwa na kitu ambacho Mogaka angeweza kukisoma.

Mogaka hakurudi nyuma: mwenye haki yake alikuwa anamjia.